Kofia Kwenye Msumari wa Nafula

Nyinyi vijana wa polisi mnajua kufika. Hilo siwanyimi. Juzi jirani yangu, bibi mmoja aliyeishiwa nguvu anayeishi na mjukuu wake, alivunjiwa vyungu na huyo mjukuu. Watu wakawapigia simu, na kabla maji yangu ya chai hayajachemka gari lenu lilikuwa limeshasimama mlangoni kwake. Mlishuka viatu vinang'aa, mkauliza maswali ya maana, mkamwambia kijana atulie, naye akatulia kama yuko kanisani. Mkapanda gari mkaenda. Vumbi lenu lilikuwa bado hewani nilipomsikia kijana ameanza tena.

Sikuwakasirikia. Au tuseme niliwakasirikia kidogo, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi, nilipovaa magwanda hayo kwa mara ya kwanza, nilijua kufika tu. Kuondoka nilifundishwa na Sajini Makokha. Ndiyo maana nimekaa hapa kibarazani niwaandikie habari zake, na nikirukaruka mnisamehe, kwa sababu kila nikimkumbuka ninaikumbuka pia Busia nzima ya siku zile, na hiyo nayo ina mlango wake wa machozi.

Nilikuwa konstebo mpya, miaka ya tisini, msichana wa Kiteso kutoka upande wa Malaba. Polisi wa kike tulikuwa wa kuhesabika, kwa hivyo kila kesi yenye mama, mtoto, mzee au mgonjwa ilisemwa, "Mpe Amoit." Wanaume walikwenda kufukuza magendo ya sukari wakarudi na hadithi za kukimbizana kwenye migomba. Mimi nilirudi na kamasi za watoto begani. Siku moja nilimlalamikia Sajini kwamba sikuja polisi kuwa yaya. Alikuwa anamenya muhogo kwa kisu chake kidogo. Akamaliza kwanza.

"Konstebo," akasema, "sukari ikimwagika si inazolewa? Na mtu je?"

Akanipa kipande cha muhogo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa mtu wa Khunyangu, mkulima zaidi kuliko askari. Tumbo lilimtangulia, sauti haikupanda, na kila kesi aliianza kwa kuuliza mvua imenyeshaje huko. Lakini pale kituoni alijulikana kwa jambo moja tu, usahaulifu. Alitoka asubuhi na kofia kichwani akarudi kichwa wazi. Siku nyingine alirudi na kofia lakini hana kirungu. Wenzetu walimtania, "Makokha, leo umerudi na kichwa chenyewe, hongera!" Inspekta wetu, kijana wa chuo aliyependa gwaride kuliko chakula, alimfokea mbele yetu sote, na Sajini alijibu kila mara, "Naam, afande, nimeiacha mahali. Kesho nitaipitia."

Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Nilidhani uzee umemwingia.

Sasa niwaeleze habari ya Nafula. Mnawakumbuka, au wazazi wenu wanawakumbuka, wale walemavu wa miguu waliokuwa wakivusha mizigo mpakani kwa baisikeli za magurudumu matatu, zile za kuzungushwa kwa mikono? Walipakia sabuni, mafuta ya kupikia, unga, mizigo imepanda hadi humwoni mwenyewe, na watu wa forodha wa pande zote mbili waligeuza shingo kana kwamba kuna ndege wa ajabu angani. Nafula alikuwa mmoja wao. Miguu yake ilikuwa imenyauka tangu utotoni, lakini mikono yake, jamani! Akikusalimia unahesabu vidole baadaye. Mdomo pia alikuwa nao. Madereva wa malori waliokuwa wakipangwa kuingia Uganda walimpisha njia, kwa sababu asiyempisha alitukanwa kwa Kiswahili, Kisamia na Kiganda kwa mpigo mmoja.

Aliishi katika nyumba ya mabati aliyoachiwa na mama yake, karibu na barabara, kiwanja kipana. Mama alimwachia yeye kwa mdomo, mbele ya majirani, kwa sababu kaka yake, Wanyama, alikuwa na miguu ya kumpeleka popote. Basi wakati huo kila mtu mwenye kiwanja karibu na barabara alikuwa anaota mahali pa kuegeshea malori. Wanyama naye akaota. Akapata mnunuzi. Kilichobaki ni dada yake kutoka.

Hakumpiga. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nyinyi mkifika mnatafuta damu. Wanyama alifungua magurudumu ya baisikeli ya dada yake akayaficha, akaenda zake. Ni hivyo tu. Mwanamke aliyekuwa akivuka mpaka mara mbili kabla ya saa nne asubuhi akabaki sakafuni, hana maji, hana njia ya kufika chooni ila kutambaa kwenye matope. Alivumilia akingoja kaka aone haya. Kaka hakuona. Ndipo jirani yake muuza mandazi akaja kituoni anahema, unga bado mikononi.

Landrova yetu haikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Tukapanda boda boda, na boda boda ya siku hizo ilikuwa baisikeli yenye kiti cha sponji nyuma. Mimi nilikaa upande kama bibi harusi. Kijana aliyembeba Sajini alifika kwenye mwinuko akasema, "Boss, hapa tushuke tusalimiane na mlima," na Sajini akashuka, akasukuma baisikeli pamoja naye, akimuuliza kama kwao mahindi yametoa ndevu.

Tulimkuta Nafula mlangoni, amekaa chini, kanga imeloa tope. Wanyama alikuwa ameitwa na kelele za majirani, amesimama amekunja mikono.

"Afande, hii ni maneno ya familia," akasema. "Hakuna mtu amepigwa hapa. Mnaweza rudi tu."

"Magurudumu yako wapi?" Sajini akauliza.

"Nimepeleka kwa fundi."

"Fundi gani?"

Wanyama akatazama juu, akatazama chini. Sajini akavuta kigoda akaketi. Akavua kofia, akapangusa jasho, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, hapo Nafula alipokuwa akitundika kikapu.

"Basi tutamngoja huyo fundi," akasema. "Mama, kuna maji ya kunywa?"

Alimwomba Nafula maji, si Wanyama. Nilidhani ni ukatili, kumwomba maji mtu aliye sakafuni. Nafula akanyoosha mkono kwenye mtungi akakuta ni mkavu, na Sajini akageuka polepole akamtazama Wanyama. Majirani wote wakamtazama Wanyama. Wanyama akachukua ndoo akaenda kisimani mwenyewe. Aliporudi, Sajini akanywa, akamshukuru, akaanza kuzungumza na muuza mandazi kuhusu bei ya unga. Tuliketi hapo jua likapanda. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na aibu, nilitamani tumfunge pingu twende. Mwishowe Wanyama akaenda nyuma kwenye migomba akarudi na magurudumu.

"Spana unayo?" Sajini akamuuliza.

"Niko nayo."

"Haya, fundi. Karibu kazini."

Watu wakacheka, na Wanyama akayafunga magurudumu mwenyewe, ameinama, hamtazami mtu.

Sajini akamsogelea Nafula, akachuchumaa, tumbo na vyote, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unataka tuende na yeye?" Nami nilikuwa nimeshika pingu tayari. Nafula akafikiri. Akasema, "Mzee, mkienda na yeye leo, jioni watu wa ukoo watamtoa, na atarudi na hasira mbili. Na tena mvua ikinyesha, ni yeye ananisukuma kwa matope. Mimi sitaki afungwe. Mimi nataka tu asijue siku gani mtarudi."

Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote. Huyu hakuwa amesoma sheria, wala hakujua kwamba anaongea na mtu aliyekuwa na dawa ya hayo tayari.

Tuliaga. Nilipotoka nje nikaona Sajini yuko kichwa wazi. Nikajiona mwerevu. Nikakimbia ndani, nikaitoa kofia msumarini, nikamkimbilia njiani nikipaza sauti mbele ya kijiji kizima, "Sajini! Umesahau kofia!"

Akasimama. Aliniangalia kama mtu aliyeona mbuzi wake mwenyewe anakula mbegu.

"Konstebo Amoit," akasema kwa sauti kubwa, wote wasikie, "hiyo kofia imechoka. Imefanya kazi tangu asubuhi. Rudisha pale, iache ipumzike. Kesho nitaipitia. Au kesho kutwa. Nikipata nafasi."

Nikarudi nayo. Nilipoitundika nilimwona Nafula anaitazama, kisha ananitazama mimi, kisha anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Na Wanyama, spana bado mkononi, alikuwa anaitazama kofia vilevile, ila yeye hakucheka.

Njiani Sajini ndipo akanifafanulia, nasi tunatembea kwa miguu kwa kuwa wale vijana wa baisikeli walikuwa wamekwisha kwenda. "Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo," akaniambia. "Sasa mimi nimeacha langu. Atasema mimi sipo?"

Hivyo nikajua kwamba mzee yule hakuwa amesahau kitu hata siku moja katika maisha yake. Kule Sio Port, kwa mama mmoja mwanika omena aliyekuwa akinyang'anywa samaki na wanawe, kulikuwa na mkanda wake. Kwa kipofu mmoja karibu na soko kulikuwa na kirungu. Alizungusha vifaa vyake vya serikali wilaya nzima kama mtu anayepanda mbegu, leo hapa, kesho anakichukua hiki na kukiacha kile. Kila kifaa kilimpa sababu ya kubisha hodi mahali ambapo hakuna aliyemwita. Angebisha hivi hivi, watu wangesema, "Polisi anatafuta nini? Kesi si iliisha?" Lakini mtu aliyekuja kuchukua kofia yake utamfukuzaje? Utamkaribisha, ataketi, ataomba maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena alinionya. Usiache kitu kwa mtu ambaye hataki urudi. Muulize kwanza, kwa siri. Usiache pingu wala bunduki, wewe si mwendawazimu. Na ukimkuta mtu wa kuua, usimwachie kofia, mfunge umpeleke. Kofia ni ya wale wanaoona haya bado. Ukiingia tena, tazama mtungi wa maji kabla hujatazama uso, maana uso utakudanganya. Msalimie jirani wa karibu kwa jina, kwa sauti, ukiwa njiani kuingia na ukiwa njiani kutoka.

Hasara zilikuwapo. Siku moja tulirudi kwa Nafula tukakuta kuku ametagia ndani ya kofia, kwa sababu ilikuwa imeanguka nyuma ya gunia. Sajini alikataa kumsumbua. "Huyu naye amelindwa," akasema. Ilibidi tungoje hadi alipomaliza shughuli yake, na asubuhi iliyofuata Inspekta alipopita kwenye gwaride alisimama mbele ya Sajini, akatoa unyoya kwenye ukingo wa kofia kwa vidole viwili, akauinua juu. "Sajini, hiki ni nini?" Sajini akasimama wima. "Ushahidi, afande." Tuliadhibiwa sote kwa kucheka.

Ee Mungu, siku zile nazitamani. Natamani ile harufu ya dizeli na samaki wakavu ikichanganyika asubuhi pale mpakani, malori yamepangwa mpaka huoni mwisho, wabadilishaji pesa wanaita, Mganda anauza ndizi kwa Kiswahili chake cha kuimba, na katikati ya hayo yote Nafula anapita na baisikeli yake, anapiga kengele, anatuona, anapaza sauti, "Mzee! Kofia yako inakusalimia!" Sajini alikuwa akitabasamu hadi mchana. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na mtu wa kumfuata nyuma. Sikujua kwamba kuwa na mtu wa kumfuata ni utajiri. Mtu hujua hilo akishabaki mbele peke yake.

Uhamisho ulikuja kwa redio, kama ulivyokuwa ukija siku hizo, bila hodi. Sajini Makokha aende kaskazini, kwenye jua na mchanga, aondoke siku hiyohiyo. Alikusanya vitu vyake kwenye sanduku la bati. Nikamwona anapapasa kichwa.

"Kofia iko kwa Nafula," nikamwambia. "Nikimbie niilete. Bado kuna muda."

"Iache."

"Sajini, utaripoti kituo kipya bila kofia? Watakuadhibu."

"Wataniadhibu," akakubali. "Na wewe usiiguse mpaka uwe na yako ya kuacha."

Mimi na yeye tulidhani maneno yameishia hapo. Lakini Busia haina siri, na muuza mandazi alikuwa na miguu mepesi. Tulipofika kituo cha mabasi, sanduku limeshapandishwa, tulisikia kengele. Nafula alikuwa anakuja kati ya malori, mikono inazunguka kama ya mtu anayepambana na maji, jasho linamtiririka, na kofia iko mapajani imefunikwa kwa leso safi.

"Mzee, chukua!" akasema kabla hajasimama. "Mtu akifika huko bila kofia si watamshika? Mimi sitaki ushikwe juu yangu."

Sajini hakuichukua. "Na Wanyama?"

"Wanyama ni wangu. Nitajua vile nitafanya." Lakini sote watatu tulijua mnunuzi hajaacha kuja. Nilitaka kulia. Mtu huyu hakuwa na kitu kingine cha kumlinda duniani, naye amekizungusha kwa mikono yake mpaka kituo cha mabasi ili akirudishe kwa mwenyewe.

Kondakta akapiga bati. Sajini akaichukua kofia, nikashusha pumzi. Akaivaa. Akasimama wima mbele ya baisikeli ile, katikati ya watu wenye mabegi na kuku, akampigia Nafula saluti kamili, ile anayopigiwa mkubwa. Kisha akaivua, akamwekea tena mapajani, akapanda basi kichwa wazi.

"Nimeisahau," akasema dirishani. "Nitaipitia."

Basi likaondoka. Mimi na Nafula tulibaki hapo tunalia, na watu wakatupita wakidhani tumefiwa.

Yaliyofuata ni haya. Paka akiondoka panya hutawala, na Wanyama aliposikia Sajini kahamishwa alikuja na mnunuzi wake, mchana kweupe, kupima kiwanja. Nafula akawakaribisha ndani, akawapa chai. Mnunuzi alikuwa mtu mzito wa mizigo ya mpakani, na watu wa aina hiyo huwa na mambo yao wasiyotaka polisi wayaone. Akanyanyua kikombe, macho yakaenda nyuma ya mlango.

"Hii kofia ni ya nani?"

"Ya mwenyewe," Nafula akamjibu.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Ametoka kidogo. Anaweza ingia saa yoyote."

Hapo hapo nikapiga hodi. Sikuwa nimepangiwa kufika. Nilikuwa nimekwenda kuitazama kofia, kwa sababu tangu basi lile liondoke mguu wangu ulikuwa ukinipeleka huko wenyewe. Nafula anasema mnunuzi aliinuka haraka hata chai ikamwagika kwenye suruali, na kwamba hakuonekana tena mtaa ule. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimeuangalia mtungi wa maji kwanza, kama nilivyofundishwa.

Nilizidi kwenda. Niliacha kofia yangu ya kike kando ya ile ya Sajini, nikaichukua, nikaiacha tena, Inspekta akanifokea, nikajibu, "Naam, afande, nimeiacha mahali." Baadaye wazee wa mtaa na chifu walikaa, wakapanda mimea ya mpaka, kiwanja kikatambuliwa kuwa cha Nafula mbele ya watu. Wanyama alipata kazi ya ufundi baisikeli, amini usiamini, na panchari za dada yake ni yeye aliyeziziba. Watu hubadilika. Lakini nimeona wakibadilika zaidi pale ambapo kuna mtu anapita kuwaangalia.

Na Sajini? Askari mmoja aliyefanya kazi naye huko kaskazini alinisimulia. Mkubwa wa kituo kipya alimweka mbele yake akamshtaki kwa kupoteza kofia ya serikali. Sajini akakataa kosa. "Sikuipoteza, afande. Najua iko wapi." Mkubwa akauliza, kama unajua iko wapi, kwa nini hukuja nayo? Sajini akasema, "Iko kazini."

Walimwadhibu tu. Sheria ni sheria.

Hakurudi Busia kufanya kazi. Alistaafu, akarudi kwenye mihogo yake, na nilipomtembelea alinipa muhogo akaniuliza kama mtungi wa Nafula una maji. Alipofariki tulikwenda Khunyangu kumzika. Nafula alikuja na Wanyama akimsukuma, njia ilikuwa na matope. Mapajani alikuwa na kofia, imefunikwa kwa leso ileile iliyochakaa. Rangi ya kofia ilikuwa imepauka. Akamwomba mke wa marehemu ruhusa aiweke juu ya jeneza, mwenye kofia aende nayo, maana deni la kuirudisha lilikuwa limemkalia moyoni.

Yule mama aliipokea, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Aliikumbatia kifuani. Kisha akairudisha mapajani kwa Nafula.

"Mwanangu, rudi nayo ukaitundike," akasema. "Huyu mzee alisema ataipitia. Mimi nimeishi naye, hajawahi kudanganya."

Ipo msumarini hadi leo. Nami nilipostaafu nilirudisha stoo kila kitu cha serikali, kofia, mkanda na vyote, nikatoka langoni kichwa wazi, na sikujua ni kwa nini nalia mpaka nilipofika nyumbani. Nilikuwa sina tena kitu cha kuacha.

Nilidhani hivyo, hadi juzi, mlipoondoka na gari lenu.

Jana nilikwenda kwa yule bibi jirani. Mjukuu wake alikuwa mlangoni amekunja mikono, na ilibidi nijizuie nisimwite Wanyama. Niliketi. Nilimwomba bibi maji. Mtungi ulikuwa mkavu, nikageuka nikamtazama kijana mpaka akachukua ndoo. Nilimuuliza bibi jambo moja kwa siri, akaniitikia kwa kichwa. Nikazungumza habari za mvua. Jua lilipopungua nikaaga, nikaanza kushuka njia polepole, magoti yangu haya.

"Mama!" kijana akaita nyuma yangu. "Umesahau mwavuli yako!"

Sikugeuka.

"Uache upumzike," nikamwambia. "Kesho nitaupitia."